Supu ya kuku ya Kigiriki, ya mayai na limau, kwa jiko la ughaibuni

Kama unajua kuchemsha supu ya kuku ya nyumbani, ile ya chumvi na kitunguu tu, basi sehemu kubwa ya supu hii unaijua tayari. Kilichobaki ni dakika kumi za mwisho, pale mayai mabichi yaliyopigwa pamoja na maji ya limau yanapoingia kwenye supu ya moto na kuifanya iwe nzito na laini, ya rangi ya njano iliyopauka, bila tone la maziwa. Wagiriki huiita avgolemono. Mayai na limau hayo hayo huyamwaga juu ya dolma, yaani vifurushi vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mzabibu, huyatia kwenye supu ya vibonge vya nyama ya kusaga, na pia kwenye magiritsa, supu ya maini na utumbo wa mwanakondoo inayoliwa usiku wa Pasaka watu wakishatoka kanisani. Mpenzi wa supu ya utumbo akiipata hiyo, hataihitaji tafsiri.

Wagiriki wenyewe si wageni kwetu. Walilima mkonge Tanganyika, wamefanya biashara Lubumbashi vizazi kwa vizazi, na Dar es Salaam ule ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja una jina la mmoja wao. Supu yao lakini haikufika kwenye vibanda vyetu vya supu na chapati, na nadhani tumekosa kitu. Kwa mtu anayeishi kwenye baridi ni chakula cha faida: kinashibisha, watoto wanakipenda, mgonjwa wa mafua anakimeza, na hakikudai ununue chupa sita za viungo utakavyotumia mara moja na kuvisahau kabatini. Unahitaji kuku, mayai, malimau, mchele, kitunguu, karoti, na bua moja la seleri ukilipata.

Kuku

Hapa ndipo wengi wetu ughaibuni tunapokata tamaa na supu kwa jumla. Kuku wa supamaketi ni wa kisasa, amefugwa wiki chache, nyama laini kama pamba na supu yake haina harufu wala mafuta ya maana. Ukimchemsha saa mbili anafumuka na supu bado inakuwa nyepesi. Suluhisho ni kumtafuta kuku mkubwa aliyechoka kutaga, na karibu kila nchi anauzwa, ila kwa jina lake. Ujerumani tazama kwenye friza palipoandikwa "Suppenhuhn", Uholanzi "soepkip". Ufaransa uliza "poule", siyo "poulet", maana huyo wa pili ndiye yule yule laini. Uingereza, maduka ya Waafrika na bucha za halali humwita "hard chicken", na Marekani maduka yetu wanalitumia jina hilo hilo, wakati supamaketi ya kawaida ikiwa naye itaandika "stewing hen". Huyu anataka moto mdogo saa mbili na nusu hadi tatu, au kama saa moja kwenye sufuria ya presha, lakini supu yake utaitambua tangu mlangoni.

Walioko Muscat, Dubai au Doha watakutana zaidi na wale kuku wadogo wa Brazil walioganda, wa gramu 1,000 au 1,200. Chukua wawili. Na popote ulipo, ukikosa yote hayo, nunua mapaja yenye mfupa na ngozi, uongeze shingo, mabawa au miguu ya kuku ukiipata. Miguu ndiyo inayoipa supu uzito ule unaonata midomoni, na huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu wenyeji wengi hawaitaki. Kifua kitupu kisicho na mfupa usihangaike nacho. Hakitoi supu.

Ukiwa Ulaya na kuna duka la Waturuki karibu, safari moja inatosha: kuku wa halali, malimau kwa kilo, na mchele unaofaa. Waturuki nao wanaunganisha supu kwa mayai na limau, wanaita terbiye, kwa hiyo ukikwama hata mwenye duka anaweza kukuelekeza.

Mchele

Weka pembeni mfuko wako wa basmati. Basmati ni mchele wa kujitenga, punje moja moja, na hapa tunataka mchele unaoachia wanga kwenye supu. Wanga huo una kazi mbili: unaongeza uzito, na unayalinda mayai yasigande mabonge. Tafuta mchele wa punje fupi au za wastani. Baldo wa Kituruki unafaa sana, arborio wa Kitaliano pia, Calrose kwa walioko Marekani, mchele wa Misri kwa walioko Ghuba, na Ujerumani ule "Milchreis" mkavu wa pakiti, ambao ni wa bei ndogo kuliko yote. Wagiriki wengine hutia tambi ndogo zenye umbo la punje ya mchele, kritharaki, ambazo madukani mara nyingi zimeandikwa orzo. Ni nzuri, ila mimi napendelea mchele.

Kuchemsha

Kwa watu watano au sita: kuku wa kilo moja na nusu, maji lita mbili na nusu hadi tatu, kitunguu kimoja kizima, karoti mbili, seleri, pilipili manga nzima chache, chumvi. Anza na maji baridi. Yakianza kuchemka toa povu la juu, kisha punguza moto mpaka supu iwe inatikisika tu kwa vibubujiko vidogo. Ikichemka kwa nguvu inakuwa na ukungu na nyama inakakamaa. Kuku wa kisasa ataiva kwa dakika 50 au saa nzima.

Tangawizi, kitunguu saumu, mchemraba wa supu: najua mkono unawasha. Kwa mara ya kwanza jizuie. Limau ndilo linalosema kwenye supu hii, na tangawizi italifunika. Mchemraba nao una chumvi nyingi, na chumvi pamoja na ukali wa limau huleta ladha ya kuchoma koo. Ukishaijua supu yenyewe, fanya unavyotaka.

Mtoe kuku, mwache apoe, mchambue nyama kwa vidole. Chuja supu, uirudishe sufuriani. Iwe kama lita mbili. Kuku mzee hutoa mafuta mengi ya njano, basi engua nusu yake na uache mengine. Tia mchele gramu 120 hadi 150, yaani kama robo tatu ya kikombe cha chai, na uupike mpaka uive vizuri, hata uwe laini kidogo kupita kiasi. Onja chumvi sasa hivi, kabla ya limau, kwa sababu baada ya limau ulimi unadanganyika.

Neno kuhusu sufuria. Zile za alumini tulizobeba kwenye mabegi kutoka Kariakoo au Gikomba ni nzuri kwa ugali, lakini siyo kwa hatua inayofuata. Tindikali ya limau hula alumini, na mayai hugeuka rangi ya kijivu na kupata ladha ya chuma. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli.

Mayai na limau

Toa mayai matatu kwenye friji mapema yapoteze ubaridi. Kamua malimau mawili, uchuje mbegu. Limau moja la ukubwa wa kawaida hutoa kama vijiko vitatu vya chakula. Malimau mawili yatatosha kwa wengi, na la tatu liwe mezani kwa wapenda ukali. Maji ya limau ya chupa yana ladha ya dawa, yaache. Ndimu inafaa kwa dharura, ila harufu yake itakupeleka Zanzibar badala ya Ugiriki, jambo ambalo si kosa la jinai.

Vunja mayai kwenye bakuli kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Weka kitambaa chenye maji chini ya bakuli ili lisizunguke, maana mikono yote miwili itakuwa na kazi. Piga mayai kwa kipigio cha waya mpaka yatoe povu na usione tena uzi wa ute, kisha endelea kupiga huku ukimimina limau kidogo kidogo. Wako wanaopiga ute peke yake kwanza mpaka uwe povu jeupe, halafu wanatia viini na limau. Supu inakuwa nyepesi mdomoni, na ukiwa na mashine ya kupigia mayai ni kazi ya dakika mbili. Kwa siku ya kawaida mayai mazima yanatosha.

Sasa sogeza sufuria kabisa kutoka kwenye jiko. Usizime tu. Majiko ya umeme ya huku, ya koili na yale ya kioo, hubaki na moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa, na supu nyingi huharibikia hapo. Iache supu itulie dakika tatu au nne mpaka isiwe inabubujika hata kidogo.

Chota upawa mmoja wa supu, bila mchele. Mkono wa kulia unapiga mayai bila kusimama. Mkono wa kushoto unamimina supu kwenye mayai kwa uzi mwembamba, kama unavyomimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Upawa wa kwanza ndio wa hatari, usiuharakishe. Wa pili unaweza kwenda kasi kidogo, wa tatu zaidi. Baada ya upawa wa tatu au wa nne gusa bakuli kwa nje: likiwa na joto la kukufanya utoe kiganja, mayai yameshazoea. Hapo ndipo unapoyarudisha yote sufuriani, ukikoroga supu polepole upande mmoja.

Rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa na uendelee kukoroga kwa mwiko, ukipitisha chini na pembeni. Aliyezoea tui la nazi awe makini hapa: tui tunalikoroga mpaka lichemke ndipo tunapumua, ila hii haitakiwi kuchemka kamwe. Unatazama mwiko. Mwanzoni supu inauteleza kama maji; baada ya dakika mbili au tatu inaacha utando, na ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko njia yake inabaki. Ipua. Mwenye kipimajoto cha jikoni alenge kati ya nyuzi 72 na 80. Nyuzi 71 ndicho kiwango kinachopendekezwa na mamlaka za Marekani kwa vyakula vya mayai, kwa hiyo ukivuka hapo bakteria wa salmonela hawana nafasi. Uingereza, mayai yenye muhuri wa simba yameruhusiwa tangu 2017 kuliwa hata yasipoiva sawasawa, na wajawazito, watoto na wazee wakiwemo. Kwingineko, ukimpikia mjamzito, tumia kipimajoto, usikisie.

Mwenye hofu anaweza kupiga mayai pamoja na kijiko cha chai cha konifulawa iliyokorogwa kwa maji. Nasema konifulawa, unga mweupe wa wanga, siyo sembe. Wagiriki wengine watakunja uso, lakini supu haitakatika kirahisi.

Na ikikatika? Utaona vijinyuzi vyeupe vikielea na maji yamejitenga. Ipua haraka, chota supu bila nyama, isage kwenye blenda mpaka ilainike, uirudishe. Haitakuwa na ule ulaini wa kwanza, ila inalika bila aibu. Kuwa mwangalifu na blenda ya jagi: usiijaze zaidi ya nusu, na ulegeze kifuniko mvuke utoke, la sivyo utasafisha dari.

Rudisha nyama iliyochambuliwa, au iweke sahani ya pembeni kila mtu ajichotee. Saga pilipili manga juu. Wagiriki hula na mkate, zeituni na jibini la feta. Chapati inakubali kabisa. Pilipili kichaa iwe kwenye sahani ya anayeitaka, isitiwe sufuriani.

Kiporo

Tabia ya kuacha sufuria jikoni mpaka asubuhi uiache, hasa kwenye nyumba yenye hita inayowaka usiku kucha. Mayai na wali ni vyakula viwili ambavyo haviombi radhi vikilala nje. Iingie friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vya kina kifupi ili ipoe upesi.

Tatizo la pili ni kwamba wali unaendelea kunywa. Supu ya leo kesho ni uji. Kwa hiyo, kama mko wawili tu, gawanya supu kabla ya kutia mchele: nusu itengeneze iliwe leo kwa nusu ya kiasi cha mchele na yai moja lililoongezewa kiini kimoja, nusu nyingine igandishe ikiwa supu tupu, pamoja na nyama yake. Miezi miwili mitatu baadaye ukitoka kazini na baridi imekukaba, unachemsha supu, unatia mchele, na mayai na limau vinaingia vikiwa vibichi siku hiyo hiyo. Iliyokwisha kutiwa mayai usiigandishe, itajitenga. Ikibaki ya friji, ipashe siku inayofuata kwa moto mdogo huku ukikoroga, uongeze maji ya moto nusu kikombe na limau kidogo, maana ukali hupungua ikilala. Kwenye maikrowevu tumia nguvu ndogo na usimame kukoroga kila nusu dakika.