Bima ya mzazi aliyevuka sitini Mwanza: kwanza jua kadi inaishia wapi

Watu wengi wakitafuta bima ya mzazi huanza na bei, na bei ndiyo inayowapoteza. Kadi mbili za gharama zinazokaribiana zinaweza kumfikisha mzee mahali tofauti kabisa. Moja inaishia hospitali ya Sekou-Toure, nyingine inampandisha kilima hadi hospitali ya Bugando. Kwa mzee wa miaka 66 mwenye presha na sukari, hapo ndipo penye tofauti.

Chukua karatasi, andika njia ya matibabu ya mzee wako kuanzia nyumbani. Kwa anayeishi mjini njia huanzia zahanati au kituo cha afya, tuseme Buzuruga, ikaenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou-Toure ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Bugando ambayo ni ya kanda, na juu yake Muhimbili. Wa Ukerewe anaanzia kisiwani, anafika Nansio, halafu ni meli ya saa tatu hivi kabla ya kuiona Mwanza. Wa Sengerema sasa anapita barabarani juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Nauli na malazi ya anayemsindikiza weka pembeni kama fedha yako mwenyewe, usitegemee kadi izilipe.

Chini ya njia hiyo andika dawa anazokunywa kila mwezi kwa majina ya kitaalamu na idadi: amlodipine vidonge 30, metformin vidonge 60, na kadhalika. Jina la kampuni lililoandikwa kubwa kwenye boksi halikusaidii, kwa kuwa orodha za bima hufuata jina la dawa yenyewe. Ongeza vipimo vya mwaka uliopita na jambo moja unaloliogopa zaidi: tezi dume, mtoto wa jicho, figo, saratani. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kila ofisi.

Nafasi kwenye kadi ya mtoto aliyeajiriwa

Kabla ya kununua chochote ulizaneni ndugu: nani anakatwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwenye mshahara? Makato ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa msingi wa 800,000 anakatwa 24,000 kwa mwezi, mwajiri anaongeza 24,000. Kwa fedha hiyohiyo wanatibiwa watu sita: mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Mzazi akiingia kwenye nafasi iliyo wazi, makato hayapandi hata shilingi. Hakuna bima ya mzee iliyo nafuu kuliko hii hapa nchini, na inashangaza ni familia ngapi zinalipia kifurushi cha pembeni wakati kaka yao mwalimu ana nafasi mbili hazina mtu.

Nafasi zikiwa zimejaa, angalia kama mume na mke wote wameajiriwa. Kila mmoja anachangia kwa mshahara wake na kila mmoja ana wategemezi wake. Watoto wakigawanywa nusu kwa baba nusu kwa mama, ni rahisi familia isione nafasi zilizobaki. Wapangeni upya: watoto wote kadi moja, wazazi kadi nyingine. Mtoto mkubwa akifikisha umri wa kutolewa, nafasi yake ijazwe mapema, msisubiri mzee augue.

Sasa nyaraka. Kinachothibitisha kwamba huyu ni mzazi wako ni cheti chako wewe cha kuzaliwa, kwa sababu ndicho chenye jina lake. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na usukumani zaidi, maana mtu anaweza kuwa na jina la ukoo, la ubatizo na la utani wa utotoni, yote halali mtaani. Cheti cha mtoto kinasema Maria Kabula, kitambulisho cha NIDA kinasema Kabula Masanja. Karani hawezi kukisia kwamba ni mama mmoja. Tiba yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili au marekebisho ya cheti kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Uliza kwanza kwa afisa utumishi wako wanataka ipi, usije ukalipia kiapo kisha ukaambiwa hakitoshi.

Alama za vidole nazo zina mambo yake. Vidole vya mtu aliyevuta nyavu miaka thelathini, au aliyepara samaki pale mwaloni Kirumba, vimesuguka hadi mashine haioni mistari. Siku ya kuandikishwa osha mikono yake kwa sabuni, paka mafuta kidogo, futa, jaribu kila kidole. Ikigoma yote, omba iandikwe kwenye kumbukumbu zake na aelezwe atahakikiwa kwa njia gani hospitali. Kugundua tatizo hilo dirishani saa mbili asubuhi, mzee akiwa hajala kwa ajili ya kipimo cha sukari, ni kumtesa.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja. Ajira ya mtoto ikikoma, kadi ya mzazi nayo inakoma. Kama mkataba wa kazi ni wa mwaka mmoja mmoja, anza kuandaa njia ya pili miezi mitatu kabla haujaisha.

Msamaha wa wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inawahesabu wazee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kitambulisho cha matibabu kinaanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, halafu ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Nenda na picha ndogo na kitu kinachoonyesha umri, NIDA ikiwa bora zaidi.

Kichukueni hata kama mna mpango wa bima, kwa kuwa hakigharimu na huwa akiba siku kadi ikigoma. Ila kijueni mipaka yake. Dirisha la wazee linampunguzia mzee foleni, haliongezi dawa stoo. Dawa ikikosekana anaandikiwa akanunue nje. Wala msichukulie kwamba kitapokelewa Bugando kama kinavyopokelewa zahanati, maana hospitali hiyo ni ya Kanisa Katoliki ikiendeshwa kwa ubia na serikali. Ulizeni mapokezi kabla ya safari.

CHF na bima ya kaya

CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita nje ya Dar es Salaam ilichangia 30,000 kwa mwaka, na huduma zilikwenda kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani Sekou-Toure, basi. Kwa malaria, kichocho, presha ya kawaida na kulazwa siku tatu, hapo panatosha. Kwa mionzi ya saratani au figo iliyofika hatua ya kusafishwa damu, hapatoshi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inambana kila mkazi kuwa na bima, na inabadilisha mpangilio huu wa zamani. Kwa hiyo usilipe kwa bei uliyosikia kwa jirani mwaka juzi. Mwombe mwandikishaji akuonyeshe kwa maandishi mambo manne: mchango wa sasa, watu wangapi, hospitali ya juu kabisa inayopokea, na kama kadi inafanya kazi nje ya mkoa wa Mwanza. Hilo la mwisho lina uzito kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Mtu yuko Ukara mwezi huu, mwezi ujao yuko kambi ya Kagera.

Vifurushi vya kununua na kampuni binafsi

Asiye na mtoto aliyeajiriwa anaweza kuulizia vifurushi vya mtu binafsi ofisi ya NHIF mkoani, au kampuni binafsi. Michango hupanda na umri, na kampuni nyingi binafsi hazimpokei mwanachama mpya aliyevuka 60 au 65, ingawa zitaendelea na aliyejiunga akiwa kijana. Swali la umri liulize la kwanza, utaokoa nusu ya siku.

Halafu kikomo. Bima binafsi huwa na kikomo cha mwaka cha kulazwa na kingine cha wagonjwa wa nje, na wakala hupenda kutaja kile kikubwa. Piga hesabu kwa karatasi yako. Tuseme dawa za mwezi ni 45,000, kumwona daktari 15,000, vipimo kwa wastani 10,000. Hiyo ni 70,000 kwa mwezi, 840,000 kwa mwaka. Kifurushi chenye kikomo cha 500,000 kwa wagonjwa wa nje kitakwisha mwezi wa nane, hata kama kina milioni 20 za kulazwa ambazo hamtazigusa.

Magonjwa aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga hupewa kipindi cha kusubiri, mara nyingi mwaka mzima, au hutengewa kikomo kidogo. Wakala akikwambia "hilo la presha tusiliandike," achana naye. Daktari ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana presha ya miaka kumi, kampuni italiona faili, na dai litakataliwa siku ambayo hamna fedha. Dai leseni ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kabla ya kulipa. Mamlaka hiyo ina ofisi ya kanda hapahapa Mwanza, na mgogoro usioisha na kampuni unapelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Orodha ya hospitali usiiamini kwa kipeperushi. Nenda dirisha la bima la hospitali yenyewe, uliza: "Kadi hii mnaipokea leo, kwa huduma zipi?" Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi nchini zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa mvutano wa kitita kipya cha bei, na waliokuwa na kadi hai walijikuta wakitafuta pa kwenda.

Mahali kadi nzuri inapokataliwa

Orodha ya taifa ya dawa muhimu imegawanywa kwa ngazi: A kwa zahanati, B kituo cha afya, C wilaya, D mkoa, S kwa mabingwa. Mzee aliyeanzishiwa dawa ya ngazi S Bugando akienda kuifuata zahanati ya mtaani atarudishwa, na hakuna aliyemwonea. Muulize bingwa kabla ya kutoka chumbani: hii ataipata ngazi gani, na kama haipo huko, kuna mbadala? Dawa ikikosekana hospitali, mwanachama wa NHIF aombe fomu ya kuchukulia dawa duka lililosajiliwa na mfuko, ile inayoitwa 2C. Akitoka bila fomu akanunua kwa fedha zake, kurudishiwa ni kazi.

Barua ya rufaa nayo isomwe kabla ya kuondoka: jina kama lilivyo kwenye kadi, ugonjwa, idara anayopelekwa, sahihi, mhuri. Kukosekana kwa mhuri tu kunaweza kumrudisha mtu Nansio. Dharura haisubiri barua, mpeleke. Ila mikataba mingi ya binafsi hutaka taarifa ndani ya saa 24 au 48, kwa hiyo mmoja abaki na mgonjwa, mwingine apige simu.

Malipo ya mfuko wa serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Anayekutaka umtumie kwenye namba yake ya simu "akusaidie kulipia" mnyime. Tunza ujumbe wa malipo, na siku tatu baadaye hakikisha kadi inasoma hai kwenye mfumo, si mkononi tu. Tarehe ya kuisha iandikwe kwenye simu za ndugu wawili, ikiwa na ukumbusho wa siku 45 kabla, maana kadi iliyokatika hata wiki moja kwenye bima binafsi inaweza kuanzisha upya kipindi cha kusubiri.