Somo: Namna ya kusoma ramani ya reli ya chini ya ardhi ya London na kupanda treni inayokufaa

Wageni wengi hupotea katika reli hii si kwa kukosa ramani, bali kwa kuitegemea ramani katika jambo ambalo haikuchorwa ili kulieleza. Mtandao una njia 11 na vituo 272. Kipande chake cha kwanza, kati ya Paddington na Farringdon, kilifunguliwa Januari 1863, treni zikivutwa na injini za mvuke, na vilivyofuata viliongezwa na kampuni mbalimbali, ndiyo maana hadi leo una vipengele vinavyomshangaza abiria.

Hatua ya kwanza: ichukulie ramani kuwa mchoro wa maunganisho, si picha ya jiji. Harry Beck aliibuni mwaka 1931, nayo ikatolewa kwa umma mwaka 1933. Alinyoosha njia zote ziwe za wima, za mlalo au za mshazari, akaitanua sehemu ya katikati ya jiji na kuibana ya pembezoni. Kwa hiyo urefu wa mstari haukuelezi umbali. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 hivi tu, na anayepanda treni hapo huenda akasubiri lifti kwa muda mrefu kuliko atakaokaa ndani ya behewa. Tembea kwa miguu.

Hatua ya pili: shika jina la njia pamoja na rangi yake. Central ni nyekundu, Northern nyeusi, District kijani. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa Victoria na Piccadilly zote ni za buluu, moja ikiwa imepauka na nyingine imekoza.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo somo lenyewe: soma jina la kituo cha mwisho kwenye paji la treni au kwenye ubao wa jukwaa kabla ya kupanda. Majukwaa huonyesha mwelekeo, yaani kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, lakini treni mbili zinazopita jukwaa moja zaweza kuachana mbele ya safari. Njia ya Northern hupita katikati ya jiji kwa matawi mawili, moja kupitia Bank na jingine kupitia Charing Cross, yanayokutana Camden Town upande wa kaskazini na Kennington upande wa kusini. Piccadilly nayo, ikielekea magharibi, hugawanyika Acton Town: treni nyingine huenda uwanja wa ndege wa Heathrow, nyingine hushika njia ya Rayners Lane. Aliyepanda kwa kuangalia rangi tu hugundua kosa lake mizigo ikiwa mkononi.

Hatua ya nne: gusa kadi kwenye kisomeo unapoingia na uiguse tena unapotoka. Ukisahau kuigusa unapotoka, unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwalimu, kwa nini treni nyingine ni ndogo na paa lake limejipinda?

Jibu: Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City, katika sehemu zake za katikati ya jiji, zilijengwa kwa kufukua barabara, kujenga handaki na kulifunika, hivyo treni zake ni pana na ndefu kwenda juu. Nyingine zilitobolewa kwa kina katika udongo wa mfinyanzi, kazi iliyozaa reli ya umeme ya mwaka 1890. Mahandaki hayo ni ya mviringo na yana kipenyo cha takriban mita 3.6, na behewa hufuata umbo lake.

Swali: Nikikaa ndani ya treni ya Circle, nitarudi nilipopandia?

Jibu: Zamani ilikuwa hivyo. Tangu Desemba 2009 treni huanzia Hammersmith, huzunguka jiji na kuishia Edgware Road, ambako utalazimika kushuka.

Swali: Je, hiyo Edgware Road ndiyo Edgware?

Jibu: Hapana. Edgware ni mwisho wa tawi mojawapo la Northern, mbali kaskazini. Tena kuna vituo viwili vinavyoitwa Edgware Road: kimoja cha Bakerloo, kingine cha Circle, District na Hammersmith & City. Havina njia ya ndani inayoviunganisha, kwa hiyo ni lazima utoke nje na kuvuka mtaa.