Fremu ya baiskeli ya zamani iliyotolewa upya: soma hapa kabla ya kuipeleka kwa fundi

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja. Umebahatika kupata fremu ya baiskeli ya milimani ya enzi zile, toleo jipya la idadi ndogo, ipo ndani ya boksi. Unaifungaje bila kuiharibu?

Kwanza jua umenunua nini. Kuna zinazorudi na vipimo vyake vya zamani: magurudumu ya inchi 26, milimita 135 kati ya masikio ya nyuma (panapokaa ekseli ya gurudumu), sehemu za kufungia breki za rimu (zinazobana rimu ya gurudumu). Na kuna zinazorudi na jina na rangi tu. Yo Eddy ya Fat Chance, fremu ya chuma kutoka Massachusetts iliyopendwa sana miaka ya 90, iliporudi 2015 ilikuja na breki za diski na magurudumu makubwa zaidi. Ni baiskeli nzuri, sibishi. Ila vile vifaa vyako vilivyokaa stoo tangu 1993 vitaendelea kukaa stoo.

1. Piga picha namba iliyogongwa chini ya bomba la pedali (lile fupi la chini linalopitisha ekseli ya pedali), tunza na risiti. Ile stika ya "ngapi kati ya ngapi" mwizi anaibandua kwa ukucha.

2. Pima mwenyewe, usiamini tangazo. Bomba la kiti la fremu lipimwe kwa ndani kwa venia (kipimo cha kubana), maana milimita 26.8 na 27.2 kwa jicho ni kitu kimoja, na ukikosea ama kiti kitazama ama utapasua fremu.

3. Kama ni chuma, ipake mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kwa ndani kabla hujafunga chochote. Yale yaliyochemshwa, yanauzwa kwenye maduka ya rangi. Mimina, geuza fremu huku na huku, churuza, acha ikauke. Vitundu vidogo usivizibe, ndipo maji yanapotokea.

4. Thredi za bomba la pedali. Hapa tulia. Fremu za kumbukumbu hupigwa rangi nene ili zing'ae kwenye picha, na rangi hiyo huingia mpaka kwenye thredi. Fundi mwenye haraka anaona ekseli ya pedali haiendi, anachukua spana ndefu, anasukuma. Inaingia, ndiyo, lakini inaingia upande, na thredi zimekufa. Nimeiona moja hivyo: vumbi la chuma limechanganyika na rangi ya buluu kwenye grisi, mwenyewe ameduwaa. Kwa hiyo thredi zisafishwe kwa tapu (kifaa cha kukatia thredi) ya saizi yake, na pande mbili za bomba zisawazishwe. Kisha ingiza kwa MKONO. Ikigoma kabla ya mizunguko mitatu, toa, anza upya. Na kumbuka: kwa thredi za Kiingereza, ambazo ndizo nyingi, upande wa cheni hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Zile za Kitaliano pande zote hukazwa kawaida. Kama hujui zako ni zipi, usiguse spana.

5. Rangi iliyobaki kwenye midomo ya bomba la kichwa (la mbele, linalopitisha shingo ya foku) ikwanguliwe, la sivyo beringi zitakaa mshazari.

6. Nguzo ya kiti ya aluminiamu (ile inayoingia ndani ya bomba la kiti) kwenye fremu ya chuma: grisi. Hasa nyinyi wa Mombasa, Tanga na Dar. Chumvi ya hewani itavigandisha mpaka uite msumeno.

7. Magurudumu, cheni, nyaya: kama baiskeli yoyote.

MASWALI

Cheni_Kavu: Sijasoma yote. Tairi za 29 zinaingia?
— Soma yote.

Cheni_Kavu: Swali dogo tu mkuu, mbona ukali?
— Jibu liko aya ya pili. Kama fremu ni ya 26, haziingii. Hata zikiingia, breki za rimu hazitaifikia rimu.

Bibi Harusi: Naweza kuweka foku ya shokapu ya milimita 120?
— Fremu iliyochorwa kwa foku ngumu usiiwekee hiyo. Kila milimita 20 unazoongeza mbele zinalaza kichwa karibu digrii moja. Usukani utalegea na utakaa kama umepanda farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Juma wa Spoku: Samahani kaka, kwa nini 26 hasa?
— Swali zuri. Vijana wa Marin, California, Marekani, walikuwa wanashuka mlimani na baiskeli kuukuu za Schwinn za matairi manene, nazo zilikuwa za 26. Mashindano yao ya Repack yalianza 1976. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Mkifika chini grisi imeungua yote, inabidi kuijaza upya, kwa Kiingereza "repack", jina likatoka hapo. Joe Breeze, mmoja wao, alipotengeneza fremu mpya 1977 alibaki na saizi hiyo, kwa kuwa tairi nene zilizokuwepo ndizo hizo. Wengine wakafuata.

Mkoko: Tom Ritchey ni wa kundi hilo? Huku Kigali jina lake linatajwa.
— Wa kundi hilo kabisa. Mwaka 1979 ndiye aliyewatengenezea fremu Gary Fisher na Charlie Kelly, wa kundi hilohilo la Marin. Rwanda alifika 2005, akabuni baiskeli yenye nyuma ndefu kwa ajili ya kubeba magunia ya kahawa. Ukiiona moja barabarani tupia picha hapa.

Bibi Harusi: Nimeweka V-breki (breki za rimu zenye mikono mirefu) na vishikio vya zamani vya breki za kantileva (za mikono mifupi). Inashika ghafla kisha kishikio kinagusa usukani.
— Vishikio hivyo vinavuta waya mfupi kuliko V-breki zinavyotaka. Badilisha vishikio, breki acha. Hata kwenye mitumba vipo.

Juma wa Spoku: Na matambara ya linsidi, naosha tena?
— Usiyakunje ukayatupa kwenye kona! Linsidi ikikauka inatoa joto, rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yaanike nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.