Kufufua taa za kuzunguka za magari ya dharura ya zamani

Balbu ikiwaka lakini taa haizunguki, usikimbilie kununua mota. Mara nyingi grisi ya zamani imegandia gia. Ifute yote, safisha gia za chuma kwa mafuta ya taa, kausha, kisha paka grisi nyepesi ya lithiamu. Grisi ikizidi hurukia kiakisi kinachorudisha mwanga. Kagua pia brashi za kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota.

Mwanga hafifu? Anza na waya wa hasi. Balbu ya wati 55 kwa volti 12 huvuta karibu ampea 4.6, hivyo kiungo chenye kutu hupoteza volti na kupata moto.

Kifuniko kilichofifia: kisugue kwa msasa wa maji namba 800, 1500, 2000, kisha polishi. Petroli na thina hupasua kabisa vifuniko vya plastiki ya polikaboneti!