Adapta ya Kaliba kwa Shotgani: Mwongozo kwa Wamiliki Wenye Leseni Mkoani Tanga

Mkulima wa michungwa Muheza au wa mihogo Pangani mwenye shotgani moja ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiongezeka, mtutu huwa mwembamba zaidi) hubanwa sana pale nguruwe pori wanapoingia shambani wakati wa masika, barabara ikiwa haipitiki na duka la mjini likiwa limeishiwa na risasi za geji yake. Adapta ya kaliba ni bomba fupi la chuma lililochongwa kiwandani, ambalo huingizwa kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ili bunduki hiyohiyo ipokee risasi ndogo zaidi, kwa mfano za geji 20 au za .410. Faida yake ni ya kweli. Lakini siku unapoinunua, unaingiza nyumbani aina mbili za risasi kwa bunduki moja, na hatari kubwa kuliko zote katika jambo hili inatokana na mchanganyiko huo kuliko inavyotokana na adapta yenyewe. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kutenganisha na kutambua risasi.

Tatizo la risasi kutolingana na bunduki si geni hapa Tanga. Baada ya mapigano ya Novemba 1914, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliteka risasi za Kiingereza zaidi ya laki tano. Risasi hizo za .303 hazikulingana na bunduki zao mpya za Mauser, wala na bunduki za zamani za milimita 11 walizobeba askari wengi. Zilifaa kwa sababu bunduki za Kiingereza zilitekwa pamoja nazo.

Hatua ya kwanza ni leseni. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yako haikupi ruhusa ya kununua kila risasi unayoitaka. Kabla ya kulipia adapta, nenda kituo cha polisi kinachoshughulikia leseni yako, ueleze unachokusudia kununua na risasi utakazohitaji, kisha upate jibu kwa maandishi. Uliza pia ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu wanyama waharibifu, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inabaki palepale hata mnyama akiwa ndani ya shamba lako.

Hatua ya pili ni kuisoma bunduki. Ifungue, uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha utafute maandishi kwenye mtutu. Utaona geji, na mara nyingi urefu wa chemba: milimita 70 au 76 kwa bunduki nyingi za sasa, na 65 kwa baadhi ya zile za zamani za Ulaya. Geji 12 ina kipenyo cha ndani cha takriban milimita 18.5, na geji 20 takriban 15.6. Namba .410 haihesabiwi kama geji. Ni kipenyo chenyewe kwa inchi, yaani kama milimita 10.4. Adapta nyingi za aina hii hutengenezwa kwa bunduki za kukunja tu, zile ambazo mtutu huinama kufungua chemba, kwa hiyo usijaribu kuitumia kwenye shotgani ya kukokota wala ile inayojipakia yenyewe. Bunduki ya kale yenye mtutu wa chuma kilichosokotwa, au yenye kutu ndani au ufa, ipelekwe kwa fundi bunduki aliyesajiliwa na isiwekewe adapta kabisa. Gobore halihusiki na mwongozo huu.

Katika kuchagua, wengi hudhani kwamba risasi ndogo ina nguvu ndogo, kwa hiyo bomba lolote litatosha. Dhana hii huua. Viwango vya viwanda vya Marekani vinaruhusu mgandamizo wa paundi 11,500 kwa inchi ya mraba katika geji 12 ya kawaida, 12,000 katika geji 20, na hadi 13,500 katika .410 ya inchi tatu. Risasi inavyopungua unene, mgandamizo wake huongezeka. Nunua adapta ya kiwandani pekee, yenye jina la mtengenezaji, geji zote mbili na urefu wa risasi inayokubalika vikiwa vimechongwa juu yake. Bomba lililochongwa na fundi wa karakana, hata awe hodari namna gani, lisiingie kwenye bunduki.

Bunduki ikiwa tupu, futa chemba na adapta kwa kitambaa kikavu, kisha uiingize kwa vidole bila kuigonga. Ukingo wake wa nyuma ulale sawasawa kwenye nafasi ya ukingo wa risasi, na bunduki ifunge kwa ulaini uleule wa siku zote. Ikigoma kufunga, usiilazimishe: iondoe na uirudishe ulikoinunua.

Majaribio ya kwanza yafanyike kwenye eneo la kulengea shabaha linaloruhusiwa, ukiwa na miwani na vizuia sauti vya masikioni. Tundika karatasi kubwa kwa mita 10, kisha 20, ufyatue risasi moja moja na kukagua ganda kila mara. Ganda lililopasuka au fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) iliyotoboka ni sababu ya kuacha papo hapo. Utagundua kwamba marisau, yaani vigololi, ya .410, yakipita kwenye mtutu mpana wa geji 12, hutawanyika mapema na bila mpangilio. Umbali ambao karatasi inaonyesha mapengo ndio mwisho wa matumizi yako, na kwa mnyama mkubwa kama nguruwe pori, .410 kupitia adapta fupi ni ndogo mno. Humjeruhi na kumwacha mkali.

Sasa suala la kutenganisha. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye chemba ya geji 12 bila adapta, huteleza na kukwama mbele, mahali ambapo huwezi kuiona. Mtu akidhani chemba ni tupu, akaweka risasi ya geji 12 na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa mbele. Watengenezaji wengi huzipa risasi za geji 20 rangi ya njano kwa sababu hii hasa, lakini gizani rangi haisaidii. Weka kila geji katika kopo lake lenye kufuli, na adapta ikae pamoja na risasi zake ndogo. Ukiwa shambani, beba aina moja tu mwilini, na kabla ya kila upakiaji tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga mdomoni.

Upepo wa bahari wa Tanga hula chuma haraka. Adapta iliyoachwa ndani ya chemba baada ya kufyatuliwa hushika kutu na kukwama, kwa hiyo itoe siku hiyohiyo, isugue kwa brashi na mafuta ya bunduki, uikaushe, kisha uipake mafuta membamba kabla ya kuihifadhi. Wakati wa masika, ikague kila wiki hata kama haijatumika.