Usimuulize mgonjwa "unaendeleaje": kufuatilia vidonda vya upasuaji kwa meseji

Nilipoanza, nilikuwa natuma meseji moja tu siku ya tano baada ya upasuaji: "Habari, unaendeleaje?" Mama mmoja wa Bahi, aliyejifungua kwa upasuaji, akanijibu: "Salama sista, namshukuru Mungu." Siku ya tisa akaletwa kwa bodaboda, kitenge kimelowa usaha tumboni. Hakunidanganya. Nilimpa salamu, naye akaitikia salamu.

Tangu hapo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Ijaribu namba mgonjwa akiwa bado kitandani

Namba iliyo kwenye faili mara nyingi ni ya aliyemleta. Ibipu hapo hapo. Ikipokelewa na shemeji aliyeko Kongwa, umejua mapema. Uliza simu inakaa na nani, nani anasoma meseji, na inachajiwa wapi. Chukua na namba ya ndugu wa pili. Asiyejua kusoma usimtumie meseji. Mpigie, na kama anaelewa zaidi Kigogo au Kirangi, nesi anayekijua ndiye ampigie.

Omba ridhaa yake pia. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Simu ya kitochi huzunguka nyumba nzima, kwa hiyo usitaje kamwe aina ya upasuaji kwenye meseji.

Hatua ya 2: Muonyeshe kidonda chake

Kabla hajaondoka, mwache akitazame, hata kwa kioo. Mwambie: kikivimba zaidi ya hapa, kikiwa cha moto, kikitoa usaha au nyuzi zikiachia, hiyo si kawaida. Asiyewahi kukiona atakujibu kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Uliza kitu anachokiona kwa macho

Meseji yangu ya siku ya saba ni hii:

"Ni sista wa wodi uliyolazwa Dodoma. Tazama kidonda: kinatoa usaha au maji? Jibu 1=NDIYO 2=HAPANA. Huna salio? Bipu, nitapiga. Hatuombi hela."

Haifiki herufi 160, hivyo inakwenda kama meseji moja. Ukiweka emoji, nafasi inashuka hadi 70 na gharama inapanda. "Hatuombi hela" si utani: watu wamechoshwa na meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii", na namba wasiyoijua wanaifuta.

Hatua ya 4: Siku na saa

Siku ya 3 (homa, au maumivu yanayoongezeka), ya 7, ya 14 na ya 30. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku ya 30, na kwa baadhi ya upasuaji wa kuweka vyuma hadi ya 90. Natuma saa kumi na mbili jioni. Msimu wa mvua watu wako shambani tangu alfajiri, simu imebaki nyumbani. Waliopasuliwa ngiri nawaongezea swali: "Umeshika jembe?" Utashangaa wangapi wanajibu 1.

Hatua ya 5: Daftari la majibu

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Simu ya wodi na daftari vikabidhiwe zamu kwa zamu, kama funguo za kabati la dawa. Jibu la 1, au bipu, ni kupiga usiku huo huo na kumweleza daktari wa zamu. Aliyenyamaza hadi kesho yake mchana anapigiwa, kisha ndugu yake. Ukimya usiuandike "hana tatizo".

Kuna mzee wa Mpwapwa alijibu "1 na 2". Nesi wa zamu alitaka kulipuuza jibu hilo, nikapiga. Upande mmoja wa kidonda mkavu, upande wa pili unatoa maji. Nikamwambia apande basi la kwanza asubuhi, asile kitu njiani mpaka daktari amwone.