SOMO: Kupanga chumba cha kulia, kuanzia meza na viti hadi taa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam.

Kila mara naletewa picha ya chumba cha aina ileile: meza nzuri, viti vya gharama, ukuta umepakwa rangi vizuri, halafu swali, "Mbona hakikai sawa?" Nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, na majibu hayabadiliki. Naandika yote hapa ili akiuliza mwingine nimwelekeze kwenye uzi huu.

Shikeni jambo moja: chumba cha kulia hupimwa kwa mtu aliyekaa. Wengi hukipanga wakiwa wamesimama mlangoni wanakitazama, ndiyo maana taa inaishia juu mno, picha juu mno, na magoti yanagonga mbao. Pia fuateni zamu: nafasi kwanza, kisha meza, viti, taa, halafu mengine. Mkianza na taa kwa sababu mmeipenda dukani, kila kitu kitakachofuata kitalazimika kuitumikia.

Hatua ya 1. Pima chumba. Urefu, upana, kimo cha dari, milango inafungukia wapi, swichi na madirisha viko wapi. Andika kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Tenga njia kabla ya meza. Kutoka ukingo wa meza hadi ukutani, au hadi uso wa kabati, acha sm 90. Ukibanwa sana shuka hadi sm 75, lakini ujue kwamba hapo mtu atavuta kiti na kuinuka tu. Hakuna atakayepita nyuma yake akiwa amekaa. Upande ambao watu wanapita na vyombo mikononi uachie sm 110 hadi 120.

Mfano: chumba cha m 3 kwa m 3.6. Ukitoa sm 90 kila upande, zinabaki sm 120 kwa 180. Hiyo ndiyo meza kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo, hata kama dukani kuna nyingine iliyopunguzwa bei.

Hatua ya 3. Tandaza meza ya magazeti. Unganisha magazeti kwa kipimo cha meza unayoitaka, yabandike sakafuni, yazungushie viti vyovyote ulivyonavyo. Kaa, inuka, fungua mlango, vuta droo za kabati. Yaache siku mbili tatu watu wa nyumbani wayazunguke.

Hatua ya 4. Meza. Kila mlaji anahitaji sm 60 za ukingo. Viti vikiwa na mikono, sm 70. Upana mzuri ni sm 90 hadi 100, kwa kuwa kila sahani na vitu vyake huchukua kama sm 35 hadi 40 kwenda ndani, na katikati lazima pabaki pa kuweka bakuli. Chini ya sm 75 bakuli hazina pa kukaa. Zaidi ya sm 120, aliye ng'ambo humfikii kwa mkono na mnaanza kupaza sauti.

Umbo lifuate chumba. Chumba kirefu kinataka meza ndefu, na cha mraba kinapendeza na duara. Duara la sm 120 linakaa wanne kwa raha na sita kwa kubanana; la sm 150 linakaa sita kwa raha na nane kwa kubanana.

Angalieni miguu. Meza ya sm 180 huuzwa kama ya watu watatu kila upande, lakini miguu ikiwa imeingizwa ndani utakuta kati ya mguu na mguu kuna sm 140 tu. Hapo wanaingia wawili, na wa tatu anakaa na mguu wa meza katikati ya mapaja. Pimeni kati ya miguu, msipime uso wa meza peke yake.

Hatua ya 5. Viti. Kutoka kikalio hadi juu ya meza pawe na sm 25 hadi 30. Meza nyingi zina kimo cha sm 73 hadi 76, kwa hiyo kikalio cha sm 45 au karibu na hapo kinakubali. Kiti chenye sponji kipime mtu akiwa amekikalia, kwa sababu sponji hushuka. Kisha angalia ule ubao unaounganisha miguu chini ya uso wa meza: kutoka kikalio hadi ubao huo paja linahitaji si chini ya sm 18. Kama kiti kina mikono, hakikisha mikono inapita chini ya ubao. Isipopita, kiti kitabaki nje siku zote na kula zile sm 90 ulizozitenga.

Hatua ya 6. Taa. Hapa someni polepole, maana ndipo vyumba vingi vinapoharibikia, na kurekebisha kuna gharama.

Taa ya kuning'inia ni ya meza. Haihesabiwi na chumba. Mafundi wengi huifunga katikati ya dari kwa sababu waya inatokea hapo, halafu meza inasogezwa kupisha kabati, na mwanga unamwagika sakafuni. Nimeitwa kwenye nyumba ambayo taa ilifungwa kabla meza haijanunuliwa, waya ikakatwa fupi kwa kukisia. Meza ilipofika, taa ilikuwa zaidi ya mita moja juu yake: chumba kizima kimemulikwa sawasawa, na waliokaa wana vivuli chini ya macho. Waya iliyokatwa hairefuki. Ilibidi taa ifunguliwe yote na kuwekewa waya mpya.

Kimo: kutoka juu ya meza hadi chini ya taa, sm 75 hadi 90. Dari ya m 2.4 anzia sm 75. Kwa kila sm 30 dari inapozidi hapo, ongeza sm 7 au 8. Sababu yake ni hii: meza ya sm 75 ukiongeza sm 75 unapata sm 150 kutoka sakafuni, wakati macho ya mtu mzima aliyekaa yako kama sm 115 hadi 120. Anamwona mwenzake chini ya taa, na balbu imejificha ndani ya kofia yake.

Ukubwa: nusu hadi theluthi mbili ya upana wa meza. Meza ya sm 100 inataka taa ya sm 50 hadi 65. Kila upande ukingo wa meza uizidi taa kwa sm 15 au zaidi, la sivyo anayeinuka ataigonga kwa kichwa. Meza ikipita m 2, taa moja ya duara huacha ncha zote mbili gizani. Weka taa moja ndefu, nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa meza, au ndogo mbili tatu kwa mstari.

Tahadhari:

– Usiruhusu waya ikatwe kabla meza haijakaa mahali pake, na zulia liwe limeshatandikwa, kwa sababu nalo linainua meza.
– Ning'iniza kwanza boksi au puto lenye ukubwa wa taa. Wakae watu, na mrefu kuliko wote nyumbani akae na ainuke.
– Taa nzito haishikwi na ubao wa jipsamu. Ifungwe kwenye mbao za dari au kwenye zege.
– Umeme uzimwe kwenye meinswichi. Ile ya ukutani haitoshi. Kama si kazi yako, mwite fundi umeme.

Balbu iwe na mwanga wa joto, kelvini 2700 hadi 3000. Ya 6500 inafaa mahali pa kazi. Juu ya meza inafanya chakula na ngozi vionekane vimepauka. Kwenye boksi tafuta pia namba ya CRI au Ra, iwe 90 kwenda juu, hapo rangi zinaonekana kama zilivyo. Ukiweza, funga dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga.

Hatua ya 7. Mwanga wa pili. Taa ya juu isiwe peke yake. Taa ya ukutani au ya kusimama juu ya kabati inaondoa vivuli usoni.

Hatua ya 8. Zulia. Lizidi meza kwa sm 60 hadi 75 kila upande, ili kiti kikivutwa nyuma miguu yake yote ibaki juu ya zulia. Meza ya sm 100 kwa 180 inataka zulia la sm 220 kwa 300 au zaidi. Kama haliingii, acha sakafu wazi. Zulia dogo linaunasa mguu wa kiti kila mtu anapoinuka.

Hatua ya 9. Ukutani. Picha kwa kawaida hutundikwa kitovu chake kikiwa sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Humu shusha kama sm 10. Juu ya kabati acha sm 15 hadi 20, na upana wa picha uwe karibu theluthi mbili za kabati. Kioo kabla hujakitoboa ukutani, mtu akishike, wewe ukae mezani uone kinarudisha nini. Kikikurudishia balbu machoni, tafuta ukuta mwingine.

Maswali karibuni. Leteni na vipimo.

---

Mgeni_Hapa: Somo zuri mkuu. Chumba changu ni cha saizi ya kawaida, je, meza ya watu nane itaingia?

Mwandishi: Saizi ya kawaida ni mita ngapi? Hatua ya 1 na ya 2.

Ghorofa_ya_Pili: Mimi waya inatoka sm 50 pembeni ya pale meza inapotakiwa kukaa, na nyumba ni ya kupanga, siwezi kuchimba dari. Nimefikiria kuisogeza meza lakini itaziba mlango. Kuna njia?

Mwandishi: Umefanya vizuri kutoisogeza meza. Nunua taa yenye waya ndefu na ndoano ndogo ya dari. Weka alama katikati ya meza, kisha mtu apande ngazi ashikilie timazi (hata uzi wenye nati unatosha) mpaka ncha iguse alama. Pale uzi ulipo darini ndipo pa ndoano. Waya itoke kwenye tundu lake, ilegee kidogo kuelekea kwenye ndoano, halafu ishuke. Usiivute ikakaza, kwa sababu uzito wa taa utaingia kwenye maungio ya umeme. Chagua taa nyepesi, ya karatasi, kitambaa au ukindu. Ukihama unaziba tundu moja dogo tu. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza.

Ghorofa_ya_Pili: Ahsante sana. Na ukubwa wa taa nahesabu vilevile?

Mwandishi: Vilevile. Meza ndiyo inayoamua.

Haraka_Haraka: Taa inakaa sm ngapi? Sijasoma yote, niko kazini.

Mwandishi: Hatua ya 6. Inategemea dari yako, kwa hiyo soma.

Mzee_wa_Kona: Haya mambo ya kukariri sentimita mimi siyaafiki. Kwetu taa iko darini kabisa na tunakula vizuri miaka yote.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Sijasema watu hawatakula. Taa ya darini inamulika vichwa, na sura zinabaki kivulini. Leo usiku zima hiyo ya juu, weka taa ya mezani juu ya kabati, kisha mtazame anayekaa mbele yako. Ukiona hakuna tofauti, baki na yako. Vipimo nimevitoa kwenye kimo cha macho na urefu wa paja, na mwili wa mtu hauna ubishi.

Mzee_wa_Kona: Marahaba. Nitajaribu.

Mama_Pacha: Sisi tunalia chakula sebuleni, hakuna chumba maalumu. Nifanyeje eneo la meza lijitegemee bila kujenga ukuta?

Mwandishi: Dada, hapo taa inafanya kazi ya ukuta. Taa iliyoshuka chini juu ya meza inachora mpaka wa mwanga, na ukizima za upande wa sofa jioni, meza inakuwa chumba. Zile sm 90 zihesabu pia kutoka mgongo wa sofa. Zulia moja linatosha. Ukiweka mawili, kati yao paonekane sakafu. Tena mbao za meza zisilazimike kufanana na za sebuleni, ila ziwe na wekundu au unjano wa aina moja.

Seremala_Mstaafu: Niongezee kidogo. Penye ufinyu wekeni benchi la kufungwa ukutani. Upande huo hakuna kiti cha kuvuta, kwa hiyo njia haihitajiki. Ukingo wa meza uingie juu ya benchi sm 5 hivi, na meza iwe ya mguu mmoja wa katikati, mtu ateleze bila kuruka miguu.

Mwandishi: Hii ni dhahabu, mzee. Nimeisahau kabisa kwenye somo. Wenye vyumba vyembamba shikeni hapo. Na chini ya miguu ya viti bandikeni vipande vya fulana nzito, sakafu haichubuki na kelele zinapungua.

Waya_Mwekundu: Nimefunga dima, balbu za LED zinapepesa nikipunguza. Balbu mbovu?

Mwandishi: Huenda si mbovu. Mambo mawili. Balbu iwe imeandikwa kwamba inakubali dima, si zote zinakubali. Pili, dima za zamani zilitengenezwa kwa balbu za waya zinazokula umeme mwingi. Balbu ya waya ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800. LED inatoa hizohizo kwa wati 8 au 9, na dima ile haioni mzigo wa kutosha. Badilisha dima kwa ya LED. Na ukinunua balbu soma lumeni, wati haikuambii mwanga.

Meza_Ndefu: Yangu ina sm 240 kwa 100. Taa mbili au tatu? Na nazipangaje?

Mwandishi: Zote zinafaa. Ukiweka mbili, ziwe za sm 40 hivi, moja sm 60 kutoka ncha hii, nyingine sm 60 kutoka ncha ile. Tatu ziwe ndogo, sm 25 hadi 30, kwenye sm 40, 120 na 200. Zote kimo kimoja, na pima kutoka mezani, maana dari nyingi hazijanyooka.